Tuta la reli ya zamani lisigawiwe viwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha ofisini bila kupata jibu la maana. Yanahusu tuta la reli ya zamani linalopita bonde la Mto Lukuledi, huku kwetu mkoani Lindi. Tuta hilo linamegwa. Huku linachotwa kifusi, kule linapimwa viwanja, na wakati huohuo wananchi wanalipita kila siku kwa miguu na kwa baiskeli kwa sababu hawana njia nyingine iliyo salama.

Vijana wengi, hata wa hapahapa, hawajui kwamba Kusini tuliwahi kuwa na treni. Ililetwa na mradi wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakaamua kufyeka pori la Tanganyika ili walime karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwenye makaratasi hesabu yao ilipita ekari milioni tatu. Kwa kuwa Nachingwea iko mbali na bahari, ikajengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mradi wenyewe ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekwisha kumeza mamilioni ya pauni. Reli iliendelea kuchechemea na mizigo yake michache hadi mapema miaka ya 1960, ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mtwara wakabaki na bandari, Nachingwea wakabaki na mji, sisi wa katikati tukabaki na tuta.

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya Mingoyo kwenda Masasi, na katika kazi hii mtu unaijua njia ya mteja kabla hajafungua mdomo. Baiskeli iliyopandisha vilima vya barabarani na magunia ya korosho huletwa friwili imelika meno, mnyororo umekatika, spoki za nyuma zinacheza kama meno ya mzee. Iliyoteremka vilima hivyo huletwa mipira ya breki imekwisha kabisa, na mwenyewe kandambili zimechanika kwa kusaidia breki kwa nyayo. Iliyopita kwenye tuta huja na pancha ya mwiba. Basi. Naziba kiraka, najaza upepo, mteja anaondoka.

Siri ya tuta ni kwamba treni haiwezi kupanda mlima kama lori. Walioijenga reli walilazimika kuchimba vilima na kujaza mabonde ili njia ipande polepole bila mtu kuhisi. Mwinuko huohuo uliofaa injini yenye mabehewa ndio unaomfaa leo mama mwenye madumu mawili ya maji kwenye keria. Nenda kasimame pale barabarani saa moja asubuhi msimu wa mauzo ya korosho, uwaone wanaume wazima wameshuka kwenye baiskeli, mmoja ameshika usukani, mwenzake anasukuma gunia kwa bega, jasho linadondoka kwenye lami. Kisha njoo kwenye tuta uone mzigo uleule ukienda na mtu mmoja, tena amekaa kwenye kiti na anaitikia salamu.

Lakini hoja yangu kubwa si magunia, ni watoto. Makaa ya mawe ya Ruvuma yalipoanza kwenda bandari ya Mtwara kwa wingi, hasa kuanzia mwaka 2022, barabara yetu iligeuka kuwa ya malori. Sisemi makaa yasiuzwe. Nchi inahitaji fedha, na madereva wale nao wana familia. Nasema mpita njia hakufikiriwa. Bega la barabara ni jembamba, mahali pengine limeliwa na maji mpaka lami imebaki na ukingo kama ngazi. Wanafunzi wa shule ya msingi wakisikia lori linakuja nyuma hushuka mtaroni wote, wakubwa wakiwavuta wadogo mikono, linapita, wanapanda tena. Baada ya dakika mbili wanashuka tena. Mwanafunzi wa darasa la kwanza anafika shuleni soksi zimejaa tope kabla mwalimu hajaita majina. Walio upande wa tuta wanakwenda wanne kwa safu, wanasimuliana hadithi.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokata, tukakuta bikoni za zege zimechimbiwa juu ya tuta, zina namba. Tukauliza, tukaambiwa ni viwanja. Mbele kidogo tipa zilikuwa zimekwisha kuhamisha kipande kizima cha tuta kwenda kujazia msingi wa jengo la mtu, pakabaki shimo linaloingia ng'ombe. Mvua ijayo pale patakuwa bwawa. Watu wameweka magogo mawili ya mwembe pembeni ya shimo, mwenye baiskeli anashuka, anavusha gurudumu la mbele, kisha la nyuma, huku mzigo unamvuta upande. Hivyo ndivyo njia inavyokufa. Inakatwa pahala pamoja tu, na iliyobaki yote inakosa faida.

Nilikwenda ofisi inayohusika. Sitaitaja jina, wenyewe wakisoma watajijua. Afisa wa kwanza aliniambia ile ni ardhi ya serikali, kwa hiyo wananchi hatuna la kuuliza. Wa pili, chumba cha jirani, aliniambia haiwezekani kuwa njia ya baiskeli kwa sababu imetunzwa kwa ajili ya reli mpya ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay. Nikamuuliza, kama imetunzwa kwa reli, hizo bikoni za viwanja ni za nani? Akaniambia niandike barua. Nimeandika. Nilipofuatilia nikaambiwa mwenye faili yuko semina.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Mwenye genge akisogeza banda lake ndani ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu, X nyekundu inapigwa ukutani kabla hajamaliza kupaka chokaa. Hifadhi ya barabara ina wenyewe. Hifadhi ya reli iliyokufa haina mwenyewe mpaka siku anapotokea mnunuzi.

Tuichukue hoja ya reli mpya kwa uzito wake, maana si ya kupuuza. Sote tunaisubiri. Ila reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435 na inataka kona ndefu za kwenda mwendo mkali. Ile ya zamani ilikuwa ya mita moja, imepindapinda kufuata bonde. Mimi si mhandisi, lakini sidhani kama itapita palepale hatua kwa hatua. Na hata ikipita, njia ya miguu haiizuii. Kijana wangu aliye chuoni alinitafutia habari za wenzetu Marekani. Mwaka 1983 bunge lao liliweka utaratibu kwamba reli ikiachwa, ukanda wake unaweza kukabidhiwa serikali ya mahali au taasisi iutunze kama njia ya kutembea na ya baiskeli, kwa sharti kwamba siku reli ikihitajika tena, ardhi irudi kwenye reli. Yaani njia ya baiskeli ndiyo mlinzi wa ukanda. Jimboni Missouri kuna reli iliyoharibiwa na mafuriko mwaka 1986, ikashughulikiwa kwa sheria hiyo, na sasa ni njia ya zaidi ya kilomita 380, sehemu kubwa ikiandamana na mto. Ukanda haujakatwa viwanja. Ukiwa na watu wanaoupita kila siku, nani atathubutu kuuchimba mchana kweupe?

Kulekule Marekani wenye ardhi walikwenda mahakamani, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikasema sheria ni halali, ila anayeona amenyang'anywa chake ana haki ya kudai fidia. Nalitaja hili kwa makusudi. Huku kwetu wapo watu waliopanda mihogo na mikorosho kando ya tuta tangu enzi za wazazi wao, na wengine walipanda juu yake kwa sababu hakuna aliyewakataza. Njia ikirasimishwa, hao wasifukuzwe kama wezi. Wakae na wazee wa kijiji, kila mwenye mti wake athaminiwe alipwe, au njia impishe mahali inapowezekana.

Na tusidanganyane kwa neno utalii. Kila wazo likipelekwa juu siku hizi linavishwa kofia ya utalii ili lisikilizwe. Ni kweli historia ipo. Nachingwea peke yake, pamoja na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji waliokuwa wakifunzwa pale, inatosha kumleta mgeni. Akija karibu, nitamkodishia baiskeli. Lakini tuta hili lina watumiaji tayari, na hawajaomba kituo cha kupumzikia wala bango lenye picha ya waziri.

Tunachoomba ni kidogo. Upana wa mita tatu ufyekwe. Mashimo ya kifusi yajazwe na kalavati zilizoziba zizibuliwe, kazi ambayo vijiji vinaweza kushika kwa nguvu zao vikipewa saruji na mabomba. Kila mahali tuta linapokutana na barabara zisimikwe nguzo fupi za zege, ziachiane nafasi ya kutosha kupita baiskeli yenye mzigo lakini tipa isipite. Lami hatuitaki, lami ikiwekwa tu, magari yatafuata. Vijana wa bodaboda watanikasirikia, baadhi yao ni wateja wangu wa kujaza upepo, lakini nasema wazi kwamba nao wabaki barabarani. Pikipiki moja ikianza kupita pale kwa kasi, wanafunzi watarudi mtaroni.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kupitia gazeti lako naiomba ofisi hiyo ijibu mambo mawili hadharani. Kwanza, nani aliidhinisha bikoni zile, na kwa kikao gani? Pili, ramani ya hifadhi ya reli ya zamani iko wapi? Kama ipo, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote inamopita, kabla minada ya korosho haijaanza mwezi Oktoba, na upimaji wa viwanja usimame mpaka wananchi tuione.

Wako,
Fundi Baiskeli,
Barabara ya Mingoyo–Masasi, Lindi
(Jina limehifadhiwa)