Mpira wa mafuta usiuze kwa kukadiria

Wauza spea wenzangu, hili tuambiane bila kununiana. Mteja anatuma meseji: "Nataka mpira wa petroli mita moja." Wengi tunamtajia bei fasta, boda anaondoka na mzigo.

Mimi nimeacha. Nauliza kwanza: bomba lako la chuma ni milimita ngapi kwa nje, na gari ni ya kabureta au EFI? Presha ya kabureta haifiki psi 10. EFI nyingi ni psi 40 mpaka 60, ukimpa mpira wa kabureta umempa bomu. Wa EFI angalia maandishi ubavuni, SAE J30R9.

Halafu naomba picha ya ncha ya bomba. Kama haina kile kiuvimbe cha kuzunguka, mpira unaweza kuchomoka hata ukaze klipu vipi, aanze kwa fundi. Klipu nampa ya bolti, mkanda laini. Zile za matobo zinakata mpira. Na waya wa kufungia, jamani, hapana!

Juzi mmoja kanijibu, "Dogo, unauza au unahoji?" akahamia duka lingine. Sawa tu. Hela ya mita moja hainilipii gari ya mtu ikiungua.