ANAYETAKA CHETI NA ALIPE KARO



Kuna neno limeingia vyuoni, nalo lataka jibu upesi. Katika chuo ninachofanya kazi, waalimu wanaolipwa kwa saa wameandikiwa barua: hakuna darasa la intaneti muhula ujao mpaka mtu alete cheti cha kufundisha kwa intaneti. Karo ni juu yako. Bando ni juu yako. Kompyuta ni yako, na usiku wa kusomea ni wako pia. Tajiri ametoa nini? Ametoa barua.

Tusidanganyane. Kufundisha kwa intaneti ni ujuzi wa namna yake. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Korona, wengi wetu tulisoma maandishi yetu mbele ya kompyuta saa mbili mfululizo, huku wanafunzi wamezima kamera na kwenda zao. Mimi nilikuwa mmoja. Somo la intaneti hukatwa vipande vifupi, maswali huingia katikati, na mwanafunzi aliye mahali penye mtandao hafifu hupewa maandishi ya kupakua. Hayo hujifunzwa. Basi asitokee mtu kusema chama kinakataa elimu.

Tunakataa kununua vyombo vya tajiri. Dereva hanunui basi ndipo aajiriwe na kampuni! Tangu 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitaka kila lecturer awe na PhD, na wako wenzetu waliokopa ili waisome. Sasa waongeze cheti kingine, na malipo ya saa yabaki yale yale?

Wazee wanakumbuka mambo yalikuwa vingine. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa University College, kilianzisha masomo ya posta na redio pale Kikuyu kwa ajili ya waalimu wa shule za msingi waliokuwa hawajahitimu. Walisoma wakiwa kazini, na aliyefaulu aliweza kupandishwa daraja. Cheti kilikuwa na faida kwa aliyekitolea jasho.

Tena liko jambo baya zaidi, ambalo barua imelinyamazia. Darasa la intaneti halina kuta, tajiri aweza kulijaza apendavyo. Na somo ukishalirekodi, ni la nani? Mwaka ujao laweza kuchezwa bila wewe, na saa zako zikafutwa. Utakuwa umelipa karo ili ujifukuze kazi.

Kazi hii haitapungua. Mwaka 2023 nchi ilipata Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha kwa intaneti. Kwa hiyo tukatae sasa, kabla desturi haijakomaa. Karo ailipe tajiri, saa za mafunzo zihesabiwe kazi, mwenye cheti aongezwe malipo, na idadi ya wanafunzi na haki ya somo lililorekodiwa ziandikwe katika mkataba.

Mtu asitie sahihi barua hiyo peke yake. Ileteni kwa karani wa tawi, hata kama mmekwisha kuijibu.