Tumanina: Utulivu wa Swala na Utulivu wa Nyumba



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Mama zetu na dada zetu wamekuwa wakiuliza: je, yafaa mwanamke wa Kiislamu kufanya mazoezi ya yoga ili aupumzishe mwili na akili? Suala hili lataka majibu mawili, la hukumu na la nasaha, na aghalabu anayeuliza la kwanza huwa na haja zaidi ya la pili.

Tuanze na hukumu. Asili ya yoga ni India, na huko ilianza kama njia ya ibada, si mazoezi ya viungo peke yake. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia liliikataza yoga inayochanganya mikao ya mwili na ibada na matamshi ya dini hiyo. Mwaka 2009 Baraza la Wanazuoni la Indonesia likapambanua: yenye ibada na matamshi hayo ni haramu, na mazoezi ya viungo matupu hayana ubaya. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Mpaka basi uko wazi. Kunyoosha mgongo, kulegeza mabega na kuvuta pumzi taratibu ni katika mambo ya mubaha. Matamshi ya ibada isiyokuwa yetu, pamoja na nia yake, ni mlango tusiouingia.

Kuna, kwa mfano, mfululizo wa mikao uitwao salamu kwa jua. Sisi tumekatazwa kuswali sunna isiyo na sababu jua linapochomoza na linapotua, tusije tukafanana na wanaolisujudia. Itakuwaje basi tusimame tulitolee salamu? Anayetaka kunyoosha viungo na afanye mahali pa sitara, pamoja na wanawake wenzake, bila ya hayo. Na anayeweza kutembea kidogo asubuhi, kutembea nako kunatosha.

Sasa nasaha. Mwanamke anayeuliza suala hili hatafuti ibada ya watu wengine. Ameamka kabla ya adhana, amepika chai na mahamri, amewavisha watoto waende skuli, amekwenda kazini au dukani, amerudi jikoni, alasiri amewapeleka watoto chuoni, na usiku simu ingali inamwita. Mgongo unamuuma na moyo umechoka. Anachokitafuta ni robo saa ya kutulia, na robo saa hiyo dini yake imekwisha kuiwekea msingi.

Wengi waliopita vyuoni wamesoma Safinatun Najaa. Humo tumanina imeelezwa kuwa ni kutulia baada ya kujongea, hata kila kiungo kikakaa mahali pake kwa kadiri ya kusema subhanallah. Nayo ni lazima katika mahali pane: rukuu, itidali, sijda, na kikao baina ya sijda mbili. Kujongea huko kwa Kiarabu huitwa haraka. Neno hilo hilo tulipolileta katika Kiswahili tukalifanya pupa, na ndiyo pupa tunayoswali nayo.

Katika hadithi mashuhuri, mtu mmoja aliingia msikitini akaswali upesi upesi. Mtume (s.a.w.) akamwambia arudi akaswali, kwani hakuswali. Ikawa hivyo mara tatu, kisha akamfundisha atulie katika kila nguzo. Hakuamrishwa kuongeza rakaa. Aliamrishwa kutulia katika zile zile. Nasi tunapochoka hukimbilia kuongeza jambo, kumbe mara nyingi dawa ni kulitimiza vyema lile tulilonalo.

Lakini mama atatulia vipi, na chungu kiko motoni, mtoto analia, na mume anaita chai ingali tashahudi haijaisha? Hapa maneno yanawarudia wanaume. Salman al-Farisi alipomzuru ndugu yake Abu Dardaa, alimkuta mkewe hali yake imechakaa, kwa kuwa mumewe alifunga mchana na kusimama kuswali usiku kucha. Salman akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa, akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada haikuwa udhuru wa kumsahau mke, baraza na kahawa vitakuwaje udhuru? Na Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, mpaka wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Nawausia nyumba zetu mambo machache. Baada ya swala moja ya faradhi kila siku, mama asiitwe kwa robo saa: alete nyiradi, anyooshe mgongo, au akae kimya. Wakati huo baba au kijana wa kiume ashike mtoto na chungu. Baina ya magharibi na isha simu za nyumba nzima ziwekwe kando. Na kabla ya kulala, kila mtu ajihesabu nafsi yake: leo nimempa nani haki yake, na nani nimemnyima?

Hayo hayana gharama, wala hayahitaji mkeka mwingine zaidi ya msala. Tuanze na isha ya leo, tukae katika sijda mpaka viungo vitulie, na tuwape wake zetu nafasi ya kukaa katika yao.

Wabillahi tawfiq.