Ukosefu Si Asili ya Mtu

Wapo viongozi wanaouzungumzia umaskini wa mkulima wa mananasi wa Kiwangwa kana kwamba ni maumbile yake, kama ulivyo wekundu wa udongo. Napinga, na shahidi wangu wa kwanza ni Aristotle.

Katika kitabu cha kwanza cha Fizikia, karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja misingi mitatu ya badiliko: kitu kinachobadilika, umbo kinalolipokea, na ukosefu wa umbo hilo, ambao Wagiriki waliuita steresis. Asiyejua muziki hujifunza akawa mwanamuziki: mtu hubaki, kutojua huondoka. Ndiyo maana aliwakosoa wafuasi wa Plato kwa kuchanganya kitu na ukosefu wake. Kumwita mkulima "maskini" na kuishia hapo ni kurudia mchanganyo uleule.

Alifundisha pia kwamba si kila kutokuwa na kitu ni ukosefu. Kipofu ni yule tu ambaye kwa maumbile alipaswa kuona. Kiswahili kinalijua hili: jiwe halina macho, lakini hatusemi limekosa macho. Tunakosa kile kilichotustahili. Tena *kukosa* na *kosa* ni ndugu. Palipo na ukosefu, ni halali kuuliza kosa ni la nani.

Basi Kiwangwa si jiwe. Nanasi hukaa shambani takribani mwaka mmoja na nusu, likipaliliwa. Likiiva, halingoji bei. Mkulima asiye na ghala la baridi wala mkataba na kiwanda huuza kwa bei ya mwenye lori, au huliacha lioze. Ardhi ipo, ujuzi upo, jasho lipo, walaji wa Dar es Salaam wapo. Kinachokosekana kina majina: hifadhi, usindikaji, mkataba wa haki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachorithiwa katika damu.

Nitaambiwa kuwa kutaja ukosefu ni kulalamika. La hasha! Asiyeutaja hawezi hata kueleza badiliko analoliahidi jukwaani, kwa kuwa hajui kitakachoondoka ni nini na atakayebaki ni nani. Mwalimu Nyerere aliuita umaskini adui, pamoja na ujinga na maradhi. Adui hupigwa vita. Hageuzwi kuwa jina la mtu aliyevamiwa naye.