Mpeni mtoto uji wake

Mimi ni mfamasia. Akina mama wanaouguza watoto wenye saratani ya damu huniuliza dirishani: "Nimkatie sukari?" Uvumi kwamba sukari hulisha saratani una chembe ya ukweli. Miaka ya 1920 Otto Warburg, Mjerumani, aliona seli za saratani zikifakamia glukosi kupita kiasi. Lakini ukimnyima mtoto sukari, ini lake litaitengeneza lenyewe; atakayekonda ni mtoto.

Njaa yenye shabaha ipo, nayo huja kwa sindano. Mwaka 1953, John Kidd wa New York aliona majimaji ya damu ya simbilisi yakisinyaza uvimbe wa saratani kwa panya. Baadaye ikajulikana kazi hiyo hufanywa na asparajinesi, kimeng'enya kinachovunja asparajini, kirutubisho ambacho seli huhitaji. Seli zenye afya hujitengenezea asparajini. Nyingi za lukemia, yaani saratani ya damu, hushindwa kujitosheleza, zikafa.

Kichupa cha asparajinesi hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika roho hunidunda. Basi nyie mnaochangisha fedha za "lishe bila sukari" (na unga wenu wa majani, Mungu awasamehe), nunueni jenereta ya wodi.