MAARIFA YA NYUMBANI: Prosesa mbili, kazi ya moja?



Vijana wa kwaya moja wametuletea swali. Walichanga feza, wakanunua ordinatere iliyokwisha kutumika, wapate kutengeneza video za ndoa na za kilio. Muuzaji aliwaambia: «Hii iko na prosesa mbili.» Sasa video ya saa moja inawalaza macho usiku karibu muzima, sawasawa na mashini yao ya zamani. Wamoja wanasema ni mwizi, twende naye ku polisi. Mimi nasema: polepole, ndugu. Neno «mwizi» mu muji kama wetu halifutiki upesi. Kwanza muangalie.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote mu ordinatere. Sisi wa Kamina tunaijua reli, ile inayotoka Lubumbashi na kugawanyika hapa kwetu, moja kwenda Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Treni nzito mnaweza kuifungia lokomotive mbili. Lakini kama ya pili haikuwashwa, haikokoti kitu. Yenyewe njo inakokotwa kama vago. Prosesa ya pili inaweza kuwa vile vile: iko mu sanduku, mumeilipia, na hakuna mwenye kuituma kazi.

Fungueni Windows, mufinye pamoja Ctrl, Maj na Échap. Inatokea «Gestionnaire des tâches». Muende ku «Performance», kisha «Processeur». Pale chini mutasoma mistari mitatu: «Sockets», «Cœurs» na «Processeurs logiques». Soketi ni kiti ambacho prosesa inakalia. Ukisoma Sockets 2, Windows inaziona zote mbili. Ukisoma Sockets 1, inaona moja tu.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Tangu mwaka 2005 na 2006, Intel walipotoa Pentium D na kisha Core 2 Duo, prosesa moja ya nyumbani ilianza kubeba viini viwili. Njo «Cœurs». Muuzaji anayesema «mbili» pengine anasema viini viwili ndani ya prosesa moja, na yeye mwenyewe hajui tofauti. Ule si wizi, ni kutojua, ingawa feza yenu imekwenda vile vile.

Lakini kama mukifungua sanduku (mutoe kwanza waya ya umeme!) na kuona vipoozeo viwili vikubwa, kila kimoja juu ya prosesa yake, na Windows inasema Sockets 1? Uliza ni Windows gani. Windows 10 na 11 za aina ya «Home» zinatumia soketi moja tu. Ya pili zinaiacha, bila kukuambia hata neno. Aina ya «Pro» inatumia mbili. Jambo hili ni la zamani: Windows 95 na 98 hazikujua prosesa ya pili hata kidogo, Windows NT na Windows 2000 zilijua, na XP «Home» ilirudi ku moja. Wafundi wengi wanaweka Windows yoyote waliyo nayo mu mfuko, kisha musiba unamwangukia muuzaji.

Kuna njia ya kukata maneno. Mutafute kijana mwenye Linux ku kile kifungo cha USB, muwashe ordinatere kwa kifungo kile, bila kugusa Windows yenu. Mu dirisha la maandishi muandike lscpu. Kama mustari wa «Socket(s)» unasema 2, mashini ni nzima, shida iko ku Windows. Kama nayo inasema 1, angalieni mu BIOS, au prosesa haikukaa vizuri ku kiti, au imekufa. Hapo munaweza kurudi kwa muuzaji na neno la kweli ku mukono.

Sasa, inaweza kuwa munaona 2 na bado kazi inatambaa. Juu ya nini? Juu programu nyingine zinajua njia moja tu. Tuseme mashini iko na prosesa mbili za Xeon X5650, kila moja viini 6: Windows itahesabu «processeurs logiques» 24. Programu ya njia moja ikijaza mumoja, utasoma karibu 4 kwa 100 tu, na mashini yote inalala. Mufinye kitufe cha kuume juu ya muchoro, muchague kuonyesha kila prosesa mbalimbali, mutaona: mumoja unapanda, wengine chini kabisa. Pale hakuna mufundi wa kurudisha. Mubadilishe programu, ama muangalie mu mipango yake. Programu za kukamua video, kama HandBrake, zinajua kugawanya kazi.

Tena musitumainie kupata mara mbili kamili. Bwana Gene Amdahl alionyesha tangu 1967: kama nusu ya kazi haigawanyiki, kazi ya dakika 10 itachukua dakika 7 na nusu, hata prosesa ziwe mbili.

Na umeme, ee wababa wenye kulipa mafuta ya grupe! Ile X5650 moja peke yake inaweza kula wati 95. Mbili ni 190, bila kuhesabu ekra na vingine. Kwa kuandika barua na orodha ya zaka, moja inatosha sana, na paneli yenu ya jua itawashukuru.

Kwa hiyo vijana wetu wa kwaya, mupige picha ya ekra penye mustari wa «Sockets», na ya pili penye lscpu. Mupeleke picha zote mbili kwa muuzaji, mchana, muzungumze naye mbele ya mufundi mumoja asiye wa upande wenu wala wa upande wake.