Risasi iliyolala udongoni

Je, sukuma wiki uliyonunua jana jioni ilikuzwa wapi? Vishamba vya kando ya barabara kuu na ukingoni mwa Mto Nairobi hustawi ajabu, lakini usidanganywe na rangi ya majani.

Petroli yenye risasi (naam, madini yale yale yaliyoipa ya bunduki jina) ilikoma kuuzwa nchini Kenya kufikia Januari 2006. Hata hivyo, moshi wa miaka yote iliyotangulia ulikuwa umekwisha kutua. Risasi haiozi. Hushikamana na udongo wa juu, pale pale watoto wachezapo. Mtoni nako hukaa zaidi katika tope laini kuliko mchangani, na mto ukifurika, tope hilo huachwa mashambani.

Kwa mtoto, risasi hudhoofisha ubongo, na hakuna kiwango kijulikanacho kuwa salama. Mwaka 2007, utafiti wa shirika la UNEP ulipima watoto 328 karibu na jaa la taka la Dandora, lililo kando ya mto huo. Nusu yao walikuwa na risasi kupita kiasi katika damu.

Basi mboga zioshe kwa maji mengi, maana aghalabu risasi huja na vumbi lililoshika jani kuliko kupitia mizizi. Viazi na karoti vimenye. Viatu viachwe mlangoni, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Nawe unayelima kando ya barabara, afadhali upande nyanya: tunda hupokea risasi kidogo kuliko majani.